Sheria Iliyokata Shamba la Akina Macrì

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Baba Askofu, Waheshimiwa Maseneta mliotoka Roma, viongozi wa vyama vyote, hata ninyi mliokuwa mkimpinga, ndugu wageni waalikwa, wananchi wenzangu wa Castelvico:

Leo tunamuaga Seneta Liborio Macrì, anayestaafu siasa. Kama meya wenu, na katibu wake wa zamani, nimeombwa nieleze kazi yake. Mwenyewe amenionya: "Ukinipamba, natoka nje."

Alikuwa Waziri Mkuu kwa muda usiotimia mwaka. Katika nchi hii, ambako serikali huanguka kabla mawaziri hawajazoea viti vyao, hilo si ajabu. Cha kueleza ni kwa nini alianguka.

Baada ya vita, wakulima wasio na ardhi waliingia na majembe katika mashamba makubwa yaliyolala bure, na baadhi yao wakapigwa risasi. Liborio akapeleka bungeni sheria ya kuwagawia mashamba hayo. Na katika bonde letu, shamba kubwa kuliko yote lilikuwa la nani? Lilikuwa la marehemu baba yake, likisimamiwa na mdogo wake, Don Ruggero.

Jumapili moja kabla ya kura, alikuja kula kwa mama yake, nami nikiwa naye. Tambi zilikuwa bado zinafuka moshi Don Ruggero alipoweka uma chini.

"Kaka, ongeza maneno mawili tu: mizeituni isiguswe. Nani atajua?"

"Bonde zima litajua. Mwenye mizeituni hapa ni nani kama si sisi?"

"Kwa hiyo unamnyang'anya baba akiwa kaburini?"

"Nakuachia ya kukutosha, Ruggero."

"Ya kunitosha! Umekuwa Waziri Mkuu wa kila mtu isipokuwa sisi!"

"Kuleni, wanangu," akasema mama yao. "Mtagombana mkishashiba."

Hawakula. Don Ruggero aliondoka bila kuaga.

Sheria ikapita. Muda si mrefu washirika wetu serikalini, wenye mashamba yao wenyewe, wakajitoa, na serikali ikaanguka. Chama kikamsukuma pembeni. Hapa nyumbani, mdogo wake akawa anampita barabarani kama anayepita nguzo. Mama yao alipofariki, walibeba jeneza moja, huyu mbele, yule nyuma, bila salamu.

Je, ilistahili? Tuseme kweli: vipande vilikuwa vidogo, vingine mawe matupu, na vijana wengi waliviacha wakaenda kutengeneza magari Torino. Lakini wako waliobaki. Wengi wenu mmesomesha watoto kwa mizeituni ile ile, na hakuna hata mmoja aliyelazimika kuvua kofia mbele ya mwenye shamba.

Jana nilikwenda kwa Don Ruggero kumwalika. Alinijibu mlangoni: "Nitakuja, lakini si kumpigia makofi. Nataka tu nione nani kazeeka zaidi."

Mheshimiwa Seneta, amekuja. Ameketi nyuma kabisa, karibu na nguzo. Tangu nianze kusema hajanitazama hata mara moja, anakutazama wewe. Na sasa hivi naona anasimama.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu. Yangu yameishia hapo. Naomba mlio katikati mmpishe njia.