Mkate Uliomkwama Lameki

Asifiwe Bwana, ndugu zangu wa Iyunga! Asifiwe tena! Leo sikusimama kuwafurahisha. Mungu amenitoa mautini, ndiyo, lakini ushuhuda wangu ni mchungu, na baadhi yenu mtakasirika. Kasirikeni, ila nisikilizeni mpaka mwisho.

Mnanifahamu. Mimi ni Yohana, fundi seremala, katibu wa baraza la wazee wa kanisa hili. Marehemu Lameki alikuwa kaka yangu, tumbo moja. Tulitoka Iringa pamoja wakati barabara kuu inajengwa, tukabeba zege pamoja, tukabaki Mbeya.

Kaka yangu alikuwa na kiungulia tangu ujana. Kwetu sisi kiungulia si ugonjwa! Kifua kikiwaka unalamba majivu, unateremshia chai ya moto, unarudi kazini. Aliishi hivyo miaka na miaka. Kisha chakula kikaanza kumkwama. Ulianza ugali. Halafu, Jumapili moja, ukakwama mkate wa Meza ya Bwana. Alikohoa, akautema kwenye leso mbele yetu sote.

Ndugu zangu, mnakumbuka tulivyonong'ona! Tulisema mwili wa Bwana umemkataa. Jumapili zilizofuata hakuja mezani, tukasema ana dhambi ya siri. Wengine mkamzulia na mwanamke wa kule Mwanjelwa sokoni! Baraza likakaa, likamtenga. Nani aliandika jina lake katika kitabu cha waliotengwa? Ni mimi, mdogo wake, kwa mwandiko wangu mzuri.

Alinifuata kwenye karakana yangu. Akasema, "Mdogo wangu, sina dhambi ninayoficha. Mkate haupiti."

Nikamjibu, "Tubu kwanza, kaka, utapita." Nikamwambia na kufunga, siku tatu. Mtu asiyeweza kumeza, mimi nikamwamuru afunge! Na alifunga. Ee Mungu wangu, alifunga kweli.

Mwishoni hata maji yalimrudia puani. Alikufa amebaki mifupa na macho. Hatukumpigia kengele, kwa kuwa alikuwa ametengwa. Shemeji yangu, mjane wake, alinitazama pale kaburini, akageuka akaenda zake. Angenitukana ningepata nafuu.

Kiungulia kile kile ninacho mimi pia. Mwaka uliofuata chakula kikaanza kunikwaruza kikishuka. Nilinyamaza. Niliwaogopa ninyi kuliko nilivyoogopa kifo! Kila nilipopokea mkate niliomba usinikwame mbele yenu. Mke wangu ndiye aliyegundua. Alisema, "Baba Neema, mimi sitakuwa mjane kwa ajili ya aibu yako. Twende hospitali."

Tulikwenda, na kutoka huko wakanipeleka Dar es Salaam. Walinipitishia kooni bomba lenye taa, wakanyofoa kipande kidogo, wakakitazama kwa darubini. Daktari akanieleza taratibu. Asidi ya tumbo imekuwa ikipanda na kuunguza umio, ile njia ya chakula, miaka mingi, mpaka ngozi yake ya ndani ikabadilika, kama kiganja cha mshika jembe kinavyoota sugu. Si saratani. Ila sehemu moja imeanza kuharibika zaidi, na hiyo yaweza kugeuka saratani. Yaweza pia isigeuke. Kwa hiyo ni lazima itazamwe tena na tena, ili ikianza kugeuka waiwahi. Alinipa dawa. Akaniambia niache tumbaku, chai niiache ipoe, nisilale mara baada ya kula, na kitanda nikiinue upande wa kichwa.

Nikamwuliza, "Na kaka yangu, naye alianza hivi?"

"Huenda," alisema. "Siwezi kujua. Hakuletwa."

Hakuletwa! Ndugu zangu, neno hilo ninalala nalo na ninaamka nalo. Tulikuwa na miguu, tulikuwa na barabara, tukampeleka barazani.

Namshukuru Mungu. Nimerudi kutazamwa mara mbili, na hali haijazidi. Nimeokolewa, lakini furaha yangu haikamiliki, kwa sababu nafasi niliyopewa mimi ndiyo niliyomnyima Lameki. Jana nimelifuta jina lake kitabuni, na Mchungaji nimemwambia. Mkitaka kunitenga kwa hilo, nitengeni, sitalia.

Mtumainini Mungu, ndugu zangu! Anaponya kwa maombi, na anaponya kwa bomba lenye taa. Lakini msimsingizie. Yeye hakumhukumu Lameki, tulimhukumu sisi.

Hapa mbele tumezoea kuwaita wenye dhambi. Leo nawaita wengine. Mwenye kiungulia kisichokoma, mwenye kukwamwa na chakula akajificha, asimame. Hatutamwuliza amefanya nini. Namwona mama mmoja pale nyuma ameshika kifua. Usiiname, mama yangu. Kesho asubuhi mimi na mke wangu tutakupitia nyumbani, twende wote hospitali.