Mistari ya Kando ya Barabara

Kabla basi halijatoka mjini kuelekea Katuba, wote tulishajua kwamba Falonne, aliyeketi mbele yangu, ni agronomu wa chuo kikuu anayefundisha wakulima. Alikuwa akizungumza kwenye simu kwa sauti ya darasani. Habari ilikuwa njema: kazini kwao imefunguliwa nafasi ya mafunzo ng'ambo, miezi sita. Kilichobaki ili aipate ni barua iliyosainiwa na mkulima mmoja anayefuata mafundisho yake.

Jirani yake, mama aliyepakata kifuko cha mbegu za mahindi, akaitazama nembo ya chuo kwenye shati la Falonne. "Njo ninyi munakuyaka kwetu na mukamba ya kupima mistari?"

"Njo shiye, mama!" Falonne akakubali kwamba ndio wao. "Unapandaka mu mistari?"

"Sana! Kando ya route yote iko droit, imenyooka, juu motoka yenu inasimamaka pale, munapiga photo. Kule nyuma minapandaka vile mama yangu alinifundisha, mahindi pamoja na maharagi."

Nilikohoa ili nisicheke. Falonne hakutikisika hata kidogo. "Hakuna shida, mama. Barua itasema mistari iko, na kweli iko. Utasinya?"

"Nitasinya na roho yote, mutoto yangu. Lakini uandike na ya nyuma."

"Ya nyuma haiko mu programme."

Basi likasimama. Mama akajitwika kifuko chake, na akiwa mlangoni akageuka.

"Ya nyuma njo tunakulaka."