Bubu wa Kidato cha Pili

Goodness: Haloo? Nani mwenzangu?

Verediana: Goodness...

Goodness: Sema kwa nguvu, niko barabarani! Nani?

Verediana: Mimi Vere. Hii simu ya mama.

Goodness: Vere! Kamwene, mwanangu!

Verediana: Kamwene.

Goodness: Mbona unaongea kama umefungiwa kabatini?

Verediana: Niko nyuma ya banda la kuku. Najificha.

Goodness: Unamkimbia nani? Subiri, naona basi... (Honi.) Hapana, lori tu. Enhe, tangu mhame Ilula, Mbeya vipi? Shule mpya vipi?

Verediana: Shuleni mimi bubu.

Goodness: Umekuwa mpole? Hongera.

Verediana: Bubu, Goodness. Darasa zima linajua sijawahi kusema tangu nizaliwe.

Goodness: Wewe?

Verediana: Mimi.

Goodness: Wewe uliyetolewa kwaya ya parokia kwa sababu ulikuwa unawafunika wenzako wote?

Verediana: Ndiyo.

Goodness: Wewe uliyeambiwa na kondakta, dada punguza, abiria wamelala?

Verediana: Goodness! Dakika za mama chache!

Goodness: Haya, haya. Imekuwaje?

Verediana: Siku ya kwanza mwalimu wa darasa kanisimamisha mbele. Eti jitambulishe. Watu sitini na nane wananiangalia. Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Nikafunga. Nikafungua tena...

Goodness: Kama perege.

Verediana: Kama perege. Sasa nyuma kuna mkaka anaitwa Rabson, akasema kwa huruma kabisa, "Mwalimu, huenda ni bubu." Mwalimu akaniuliza, "Eti mwanangu, ni kweli?"

Goodness: Ukakataa. Vere, niambie ulikataa.

Verediana: Nikaitikia kwa kichwa.

Goodness: Yesu na Maria!

Verediana: Nilitaka tu nikae chini! Nikajua nitamwambia kesho. Kesho yake Rabson kanibebea kiti. Mwalimu wa Kiingereza kanifuta kwenye mdahalo. Wa Hisabati haniulizi swali lolote, ananiangalia tu machozi yanamlenga. Kila mtu ana upendo, Goodness, utaanzaje kuwaambia?

Goodness: Siku ngapi sasa?

Verediana: Wiki mbili kasoro. Nimejifunza kupiga chafya bila sauti. Masikio yaliziba siku mbili.

Goodness: (Anacheka.) Nisubiri... siwezi... nimekaa kwenye ndoo ya nyanya, Vere, nimeziponda...

Verediana: Usicheke! Kuna Sekela.

Goodness: Sekela nani?

Verediana: Ninayekaa naye dawati moja. Huyo ndiye rafiki yangu huku, peke yake. Ametunga ishara za mikono ili tuongee. Ya njaa, ya mwalimu anakuja, ya umependeza. Ana ishara ya choo, hiyo hata sikuelezei. Kila siku ananiletea parachichi. Sasa akamwambia bibi yake.

Goodness: Akamwambia nini?

Verediana: Kwamba nina shida ya ulimi. Na bibi yake ndiye kiongozi wa kina mama wa maombi. Leo saa saba wanakuja hapa nyumbani, Goodness. Kina mama watano. Kuniombea nifunguliwe ulimi.

Goodness: Saa saba ndiyo sasa hivi!

Verediana: Unadhani nimekaa na kuku kwa raha zangu?

Goodness: Na mama yako anajua?

Verediana: Anajua wageni wanakuja kumkaribisha mtaani. Amechemsha chai, amepika na maandazi. Wakimwambia tu, "Pole kwa mtoto," mama atawaambia huyu? Huyu anabishana mpaka usingizini!

Goodness: Subiri. Nimepata. Wewe nyamaza. Waache waombe. Wakisema amina, wewe sema "Amina."

Verediana: Halafu?

Goodness: Muujiza! Umepona! Hakuna aliyedanganya.

Verediana: Goodness, watanipeleka kanisani nikatoe ushuhuda!

Goodness: Utavaa lile gauni la kipaimara, linakukaa vizuri.

Verediana: Acha utani! Nimdanganye Mungu mbele ya kina mama watano? Na Sekela je? Akija kujua, hatanitazama tena. Nitarudi kukaa peke yangu kwenye ngazi za maktaba kama siku ya kwanza. Sitaki. Nalia kweli sasa.

Goodness: Usilie. Vere? Usilie bwana. (Mtandao unakwaruza.) ...sikia?

Verediana: Umekatika.

Goodness: Nasema, nani alinifundisha kuuza nyanya kwenye mabasi?

Verediana: Mimi.

Goodness: Mwaka juzi nilikuwa nasimama na beseni kama nguzo ya umeme, basi linakuja linaondoka. Wewe ukaniambia nini?

Verediana: Usiangalie macho ya abiria. Angalia mikono.

Goodness: Kwa nini?

Verediana: Kwa sababu macho yanakataa kabla hujasema, ila mikono inayotaka nyanya inaanza kupapasa mfukoni.

Goodness: Sasa huko ulikwenda kuangalia macho ya watu sitini na nane. Ulitegemea nini? Wakifika, angalia mikono ya Sekela. Mikono yake si unaijua?

Verediana: Naijua.

Goodness: Na sauti itoe ileile ya basi. Hebu nipe moja ya majaribio.

Verediana: Hapa? Kuku wataruka.

Goodness: Waruke. Mimi ndiyo basi. Nimesimama. Dereva kasema dakika mbili.

Verediana: (Kwa sauti ndogo.) Nyanya...

Goodness: Unauza kwa wagonjwa?

Verediana: Nyanya, nyanya...

Goodness: Basi linaondoka, Vere!

Verediana: Siku hizi upande wangu anakimbia nani?

Goodness: Usibadilishe mada.

Verediana: Basi likisimama, wewe vioo vya kushoto, mimi vya kulia. Sasa kulia yupo nani? Yusta?

Goodness: Wapo. Wapo wengi tu. Piga kelele wewe.

Verediana: Goodness! Wanakuja! Nawaona, wanaingia getini. Vitenge sare, vyote vitano! Sekela yuko mbele. Ananipungia. Anafanya ishara ya... anafanya ishara ya usiogope.

Goodness: Toka nyuma ya banda!

Verediana: Nimetoka. Mama anafungua mlango. Goodness, mdomo umefunga. Umefunga tena!

Goodness: Mikono! Angalia mikono! Basi limesimama, Vere, limesimama, dakika mbili, vioo viko wazi—

Verediana: NYANYA! NYANYA YA ILULA! NYANYA NGUMU, HAIPASUKI, MPAKA DAR HAIPASUKI! MAMA CHUKUA NYANYA!

(Kuku wanapiga kelele. Vigelegele kwa mbali.)

Goodness: Vere? Nani huyo anapiga vigelegele? Haloo? Vere!

Verediana: (Mbali na simu.) Hapana, Bibi, shikamoo Bibi, si muujiza. Sijawahi kuwa bubu. Niliona aibu tu. Siku ya kwanza niliona aibu, halafu nikaona aibu ya kusema kwamba niliona aibu. Sekela, nisamehe. Nisamehe sana. Usiende.

(Mtandao unakwaruza.)

Goodness: Kasema nini? Vere, mimi huku naungua! Kasema nini?

Verediana: Goodness.

Goodness: Enhe!

Verediana: Kasema alijua.

Goodness: Alijua nini?

Verediana: Kwamba nasema. Tangu Jumatano iliyopita. Mpira wa pete ulinipiga puani nikasema "Mama yangu wee." Alikuwa karibu yangu.

Goodness: Kwa nini sasa hakukwambia?

Verediana: Anasema na yeye ni mtu wa aibu. Kabla sijaja alikuwa hana rafiki, hajui aanzie wapi kuongea na mtu. Anasema kuongea kwa mikono ilikuwa raha. Akaogopa nikianza kusema, nitatafuta marafiki wanaojua kuongea.

Goodness: Masikini. Na kina mama je? Si angewazuia?

Verediana: Aliona aibu kumwambia bibi yake.

Goodness: Kwa hiyo nyie wawili, kwa aibu zenu, mmewatembeza kina mama watano na jua hili!

Verediana: Usiseme kwa sauti, bibi anasikia. Anacheka mpaka kilemba kimedondoka. Mama hacheki. Mama ananiangalia lile jicho.

Goodness: Lile la kushoto?

Verediana: Yote mawili. Ila bibi kasema wameshafunga safari, wataomba tu hivyo hivyo.

Goodness: Waombe nini sasa?

Verediana: Mama kawaambia Hisabati.

Goodness: (Anacheka.) Hapo watakesha!

Verediana: Jumatatu nitawaambia darasa. Sekela kasema atasimama na mimi mbele. Nikikwama atafanya ishara ya choo, nitacheka, sauti itatoka.

Goodness: Safi. Mimi namtaka huyo Sekela. Mlete likizo. Lakini asi... asije akachukua...

Verediana: Akachukua nini?

Goodness: Hakuna. Mtandao.

Verediana: Goodness, kulia anakimbia nani?

Goodness: Hakuna mtu.

Verediana: Ulisema wapo wengi.

Goodness: Yusta alikuja siku moja, akasema miguu inamuuma. Nakimbia kushoto tu. Basi likiondoka naangalia vile vioo vya kulia vinapita na watu wao wanatafuta nyanya. Nimekukumbuka, bwana. Sema usimwambie mtu, nina heshima zangu hapa barabarani.

Verediana: Na mimi nimekukumbuka. Kila siku.

Goodness: Vere! Vere, basi! Linatoka huko Mbeya kwenu, limewasha indiketa, linaingia!

Verediana: Kimbia! Nakata!

Goodness: Usikate! Nakuweka spika kubwa. Nakuinua juu, upande wa kulia. Piga ile!

Verediana: Mbele ya kina mama?

Goodness: Waambie wafunge macho, waendelee kuomba! Dakika mbili! Haya!

Verediana: NYANYA! NYANYA YA ILULA! DADA NYANYA, KAKA NYANYA, HAIPASUKI MPAKA DAR!

Goodness: Wanafungua vioo! Mama mmoja katoa kichwa chote, anatafuta sauti inatoka wapi. Anauliza mwenye nyanya yuko wapi!

Verediana: Mwambie niko Iyunga, Mbeya! Mwambie likizo naku—

Goodness: Haloo? Vere? Haloo?

(Simu imekatika.)

Goodness: Yuko Mbeya, mama. Anarudi likizo. Nikupe sado ngapi?