Léopold Mbonigaba, Mlinzi Aliyekataa Kupiga Mtumbwi

Léopold Mbonigaba alizaliwa Bihambwe, Masisi, tarehe 4 Machi 1917, mtoto wa kwanza wa Papa Kanyamibwa na Mama Dancille, wakulima wa maharage. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huo.

Alisoma shule ya misioni hadi mwaka wa tano, akatoka na Kifaransa safi kuliko cha baadhi ya waliokuja kumwamuru.

Mwaka 1941 alimwoa Emérita Mukasine. Siku ya harusi mvua ilinyesha, akambeba mgongoni asichafuke, akateleza. Wakaingia kanisani wote wawili rangi moja.

Januari 1947 aliajiriwa mlinzi wa meli ya abiria iliyotoka ghuba ya Sake kwenda mji wa Costermansville, upande wa pili wa ziwa. Wezi wenye mitumbwi walikuwa wameivamia mara mbili na kuwapora abiria wa nyuma, wale wanaokaa juu ya magunia pamoja na mbuzi. Kampuni ikatafakari sana, ikaleta walinzi wanne wenye bunduki, ikawapanga mbele, kwenye viti vya ngozi.

Asubuhi ya tarehe 11 Agosti 1949, katika ukungu, mtumbwi uliielekea meli. Kapiteni aliuita mara tatu. Kimya. Akamwamuru Léopold apige.

Léopold aliona mkeka uliofungwa kamba, na makasia yasiyo na haraka. Kwetu anayesindikiza maiti haitikii mtu mpaka afike kaburini. Kapiteni alikuwa na miaka tisa ziwani, na hilo hakulijua.

"Kama haiko wezi, mbona hawajibu?"

"Njo kwa sababu hawajibu, sipigi, Kapiteni."

Akaweka bunduki chini. Mtumbwi ukapita karibu kabisa. Kapiteni akaiona maiti kwa macho yake. Kisha akakaa mezani, akaandika neno moja katika kitabu cha kazi cha Léopold: mwoga. Akafukuzwa siku hiyohiyo.

Kwa neno hilo hakuna ofisi iliyomtaka tena. Alikwenda Omate, Walikale, akachimba madini miaka sita. Aliiandikia kampuni barua tatu, akiomba neno lifutwe. Haikujibu hata moja. "Labda na wao wako wanasindikiza maiti," alimwambia mkewe.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1955. Alifariki Goma tarehe 2 Juni 1957, mkono wake ukiwa katika mkono wa Mama Emérita.

Ameacha mjane, watoto watatu, Colette, Gustave na Hélène, na mimi, dada yake Vestine.

Jana tulipompitisha Sake, mjumbe wa kampuni alisimama barabarani na shada la maua. Alitusalimia mara tatu. Hakuna aliyemjibu, na sijui kama hata leo ameelewa kwa nini.

Sasa tumefika kaburini, tunaweza kusema. Kaka yetu hakuwa mwoga. Apumzike kwa amani, na jina lake safi.