Kituo cha Arobaini na Moja

Basi la Newala lilikuwa likipanda mlima. Nesi Severina akamsikia kijana wa kiti cha mbele, mzaliwa wa Chilangala, akijitapa kwa mzee aliyekaa naye. Yeye na wenzake wenye magari ya umeme wanashindana kufika vituo vya kuchajia. Ameshafika arobaini, hadi Mwanza! Gari kaliacha Masasi lisije likaishiwa chaji mlimani, anakwenda kuhakikisha kama kweli Newala wameweka kimoja.

"Na mama yako Chilangala, umemwona lini?" mzee akauliza.

"Mwaka juzi, babu. Kule hakuna kituo."

Severina akajishika mdomo. Mama mzazi!

"Na akiuza korosho akakuwekea kituo nyumbani?" mzee akauliza.

Kijana macho yakamng'aa. "Hapo nitapata pointi mbili! Kituo kipya huhesabiwa mara mbili, babu."

Basi likasimama Chilangala. Mzee akainuka na kapu lake. "Haya, mama yako nimwambie nini?"