Fortunata na Kitongoji Alichokishona

Wasikilizaji wapendwa wa Lindi, Mtanda, Sudi, na nyote mnaotupata. Kila wiki nawasomea tanzia za marehemu wenu. Leo nasoma ya wangu. Ni mke wangu, Fortunata. Mama Natalia. Mimi Klementi ni wa darasa la saba, sina maneno ya kupamba. Nitasema kama ilivyokuwa.

Fortunata alizaliwa Mikandaani, kitongoji cha upande wa Sudi. Mikandaani haipo tena. Tuliondolewa kupisha mradi. Nyumba zikabomolewa, makaburi yakazungushiwa uzio. Mradi haukuja. Nasema tena: mradi haukuja.

Tulipohamia Mtanda, Fortunata akaanza kushona mfarishi, lile blanketi la vipande. Kila kipande nyumba moja ya Mikandaani. Bafta nyeupe, kile kitambaa chepesi cha pamba, aliitia rangi mwenyewe. Nyekundu ya magome ya mkoko, njano ya manjano ya jikoni, nyeusi ya misumari yenye kutu. Kitambaa alikisuuza baharini mpaka chumvi ikaishikisha rangi, akakianika kivulini.

Jirani yetu Bi Moza alipoiona nyumba yake, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Natalia, mlango wangu haukuwa mpana hivi!"

"Ulikuwa mpana. Ungepitaje wewe?"

Hivyo ndivyo walivyokuwa.

Kipande cha nyumba yetu ndicho kilichomshinda. Siku hiyo mguu ulimuuma, hakushuka pwani, akakisuuza kwa maji ya bomba. Nyekundu ya ukuta ikavuja mpaka kwenye bafta nyeupe. Akakifumua, akakiweka kando, akaziba nafasi yake kwa kitambaa cheupe. "Hiki nitakirudia," akasema. Hakukirudia.

Alikuwa na ombi moja. Alimwambia binti yetu, Natalia: "Kule kwetu hawataniruhusu nizikwe. Basi siku nikiondoka, mnifunike na Mikandaani." Ombi lake lilikuwa hilo tu, wasikilizaji.

Wakubwa wa serikali wakaja. Wakauazima mfarishi kwa maonyesho, eti kuna wageni. Fortunata akautoa, maana alilelewa kuwaheshimu watu wa ofisi. Maonyesho yakaisha, mfarishi haurudi. Nikaenda naye ofisini kwao kuuliza. Afisa akatupokea kwa tabasamu.

"Mama, wageni wameupenda mno! Kila mmoja ameondoka na ukumbusho wake."

"Ukumbusho gani?"

"Tumewagawia vile vipande."

"Mmegawa, au mmekata?"

"Tumekata kwa utaratibu, mama. Kwa mkasi mzuri."

Fortunata aliuliza tu, "Na pindo lake?"

Pindo walilitupa.

Tangu hapo hakushika sindano. Presha ikapanda, zahanati haina dawa, rudi kesho, rudi keshokutwa. Akaondoka alfajiri, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa Natalia.

Kabla ya mazishi nilirudi ofisini. Nikaomba hata kipande kimoja, nimfunike mke wangu. Nikaambiwa vipo ng'ambo, vimetiwa fremu kwenye kuta za watu. Nikaambiwa nijivunie.

Tulimzika Mtanda. Natalia alikitoa kile kipande kilichovuja rangi, tukakilaza juu ya jeneza. Kilikuwa kidogo, hakikufunika hata msalaba. Nilitaka kukichukua nibaki nacho. Bi Moza akanishika mkono: "Mwache na nyumba yake, baba. Zetu ndizo zimekwenda." Kikashuka naye.

Natalia mwanangu, pole. Bi Moza na watu wote wa Mikandaani mliotawanyika, poleni. Kutoka ofisini hatujapata pole, na sisubiri. Mungu ampe Fortunata mahali ambapo hataambiwa ahame.

Wasikilizaji wapendwa, tafakarini. Mnapokabidhi kitu kwa wakubwa, kitazameni vizuri kwanza. Mnakiaga.

Na kama kuna mgeni huko ng'ambo mwenye nyumba ya Mikandaani ukutani kwake, nilitaka kumwambia ile ni ya nani. Lakini hanisikii. Redio yetu hii haifiki hata Kilwa.