Siku Mosko Alipopata Mrusi Wake

Mimi nilikuwapo. Naanza na hilo kwa sababu kisa hiki kimeshazunguka mji mzima. Kimefika Makupa kikaongezwa kifaru cha pili, kimefika Kibarani kikaongezwa nyambizi, na wote wanaokisimulia hawakuwapo. Mimi nilikuwapo, nimekaa ncha ya baraza, kikombe mkononi. Si bure mtaani waniita Shahidi. Ilikuwa tarehe tisa mwezi wa tano, mwaka wa tisini na nne, alasiri, watu wametoka msikitini, na Mzee Dzoro ndiyo kwanza ateremsha dele lake la kahawa nyuma ya Ndia Kuu. Alikuwapo Jamaldin, mwenye duka la vitu vya kale. Alikuwapo Kavumbi, dereva wa kreni bandarini, twamwita Winchi. Na alikuwapo Mutunga, karani mstaafu wa reli, twamwita Mosko, kwa sababu mwaka wa sitini na mbili alikwenda kusoma Urusi, mjini Mosko. Miaka yote hiyo ametueleza theluji na treni za chini ya ardhi, na jambo la Warusi likitajwa redioni, twanyamaza tumsikize yeye.

Basi siku hiyo akatokea Mrusi mwenyewe. Mtu wa miaka hamsini na kitu, kavaa koti la jeshi katika joto lile, vifungo vyote vimefungwa, na kifuani nishani zalia kama funguo.

— Huyu ni mlinzi wa ile meli iliyokwama bandarini tangu Februari, akasema Kavumbi. Mwenye meli hajulikani aliko. Mabaharia wamesharudi kwao, kabaki yeye na nahodha.

— Mlinzi gani ana nishani zote hizo? akasema Jamaldin. Huyo ni jenerali, Winchi. Mtazame anavyosimama.

Mgeni akatufikia, akajigonga kifua, akasema kwa sauti ya gwaride:

— Palkovnik!

— Mwamsikia? akaruka Kavumbi. Yuwauliza palikuwa nini! Kumbe ajua Kiswahili!

Jamaldin, mtu wa adabu zake, akasogea kumpa nafasi.

— Palikuwa salama tu, mzee wetu. Karibu kahawa.

Mgeni akakaa. Baadaye nilikuja kujua kwamba palkovnik kwao ni kanali, afisa wa jeshi, na kwamba tarehe tisa ni sikukuu yao ya ushindi wa vita, ndiyo maana kavaa nishani. Kisha wote wakamgeukia Mosko.

— Haya, bwana. Mtu wako huyo. Zungumza naye.

Kikombe cha Mosko kilikuwa chaenda mdomoni, kikasimama njiani. Na hapa yabidi nikwambie jambo ambalo pale barazani nililijua peke yangu. Mosko hakufika Urusi. Siku nilipomsaidia kuhama nyumba, cheti chake cha safari kilianguka kutoka sandukuni, nikakiokota: mihuri yaishia Khartoum, na ndani mna barua ya hospitali ya huko. Homa ilimlaza huko, wenzake wakaenda, yeye akarudishwa. Mengine yote aliyapata magazetini na kwenye ile redio ya Warusi iliyokuwa ikitangaza kwa Kiswahili. Nilikirudisha cheti mahali pake, sikusema kitu. Lakini jina la Mosko ndilo alilokuwa nalo, na binti yake Ketty, mwalimu, hukaa mbele ya wanafunzi wake akawaambia babake ameona Urusi. Sasa Urusi imemkalia ubavuni, yanusa kahawa.

— Tovarish, akasema Mosko, yaani komredi.

Uso wa yule afisa ukafunguka kama dirisha. Akamwaga maneno, wallahi, kama bomba lililopasuka. Mosko akawa aitikia kwa kichwa.

— Asemaje? akauliza Kavumbi.

— Asema kahawa ya Dzoro ina harufu nzuri.

— Maneno yote yale?

— Kirusi ni lugha ndefu.

Kavumbi akainama kutazama nishani, kidole karibu kimguse mwenyewe.

— Hii wala haitaki mkalimani. Ndege tatu juu, kifaru kimoja chini. Aliziangusha zote tatu kwa kifaru kimoja.

— Kifaru hakipigi juu, akasema Jamaldin. Hizo ndege zilikibeba kifaru kwa minyororo, yeye yumo ndani, wakamteremsha katikati ya maadui.

— Mimi nabeba makontena kila siku. Upepo ukivuma, kitu huzunguka. Angetapika.

— Sasa unadhani nishani alipewa ya nini?

— Ni ya ushujaa, akasema Mosko polepole, na jambo hilo naamini aliliona katika magazeti ya Warusi.

Nami sikutaka kuachwa nyuma.

— Na hii yenye eksi mbili? Mwalimu wangu wa darasa la nne alinipa hizo hizo kila wiki, wala hakunivisha kifuani.

— Alikosea mara mbili, akasamehewa, akasema Kavumbi.

Afisa aliona tulipoelekeza vidole. Akafungua mikono, vidole kumi. Akafunga. Akafungua tena.

— Ishirini! Kaua watu ishirini! akasema Kavumbi.

Afisa akakataa. Akapiga miguu pale pale alipokaa, kushoto, kulia, kushoto, kulia, muda mrefu kupita kiasi cha mzaha, mpaka Dzoro akaacha kugonganisha vikombe. Kisha akaitazama mikono yake, haina kitu.

— Miaka, akasema Mosko. Miaka ishirini jeshini.

Hilo hata mimi nililielewa. Ikabaki nishani moja, nyota nyekundu. Afisa akaishika kwa vidole viwili, kama mtu ashikaye sikio la mtoto, akasema neno moja:

— Afgan.

Jamaldin akaweka kikombe chini.

— Afghanistan? Alikwenda kuwapiga Waislamu wenzetu, nami nampa nafasi barazani? Muulize, Mosko. Muulize alifanya nini huko. Asipojibu ainuke, aende.

Dzoro alikuwa amenyanyua dele, akalishusha. Mosko akamgeukia mgeni, akasema kitu ambacho masikioni mwangu kilifanana na redio inayotafuta stesheni. Afisa akamtazama sana. Akamtazama na Jamaldin. Halafu akazungumza taratibu, maneno machache. Akaonyesha kwa mkono urefu wa kijana, akaonyesha tena, na tena, wengi. Kisha ule mkono akaulaza juu ya goti lake.

Mosko akatugeukia.

— Asema alikuwa na vijana, wengine hawajaota ndevu. Kazi yake ilikuwa kuwarudisha kwa mama zao. Wengine aliwarudisha wamelala. Asema nyota hii angeirudisha, lakini nchi iliyompa haipo tena, hajui amrudishie nani.

Kama ndivyo alivyosema, sijui, na Mosko mwenyewe hakujua. Lakini sauti ilimtetemeka, na hakuwa akiigiza.

— Dzoro, akasema Jamaldin, mtilie kahawa mgeni.

Hapo tungeachana vizuri. Lakini afisa akapokea kikombe, akakinusa, akamgeukia Mosko.

— Sukhari?

Loo, Mosko alivyofurahi!

— Sukari! Ataka sukari! Mwaona? Hata kwa Kirusi sukari ni sukari!

Dzoro huuza kahawa chungu na hujivunia uchungu wake. Akanuna, lakini akaomba sukari duka la jirani, akatia kijiko.

— Nyet, akasema afisa, akakataa kwa mkono. Sukhari.

Akagonga baraza kwa vidole. Ko, ko.

— Ataka zaidi, akasema Mosko. Kwao ni baridi.

Kijiko cha pili. Afisa akatikisa kichwa, akagonga tena. Cha tatu. Kahawa ikawa uji. Kavumbi akaanza kucheka, kisha kicheko kikamwishia, akawa amtazama Mosko kwa jicho jengine kabisa.

— Mutunga, akasema. Hakusema Mosko. Wewe kweli ulifika Urusi?

Afisa akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa kipande cha mkate wa melini, umekaushwa mpaka umekuwa mbao. Akaugonga barazani, ko, ko.

— Sukhari, akasema kwa upole.

Akauvunja juu ya goti. Nusu akampa Mosko. Wakachovya wote wawili katika kile kikombe kimoja cha uji wa sukari, wakatafuna, na Mosko hakuinua macho.

— Mtu kaishi kwao, akasema Kavumbi, halijui jina la mkate?

Jamaldin naye alikuwa angoja jibu. Afisa akainuka. Akampigia Mosko saluti, saluti kamili ya kijeshi, nishani zikalia. Halafu, kwa kuwa nilikuwa ncha ya baraza, akaniinamia sikioni akasema maneno mawili matatu ya Kiingereza. Nikamnyooshea mkono upande wa msikitini, naye akaenda.

— Kakwambiaje? akauliza Jamaldin.

— Asema Kirusi cha rafiki yetu ni kizuri sana, nikasema, ila ni cha zamani, cha sitini na mbili. Na hilo neno la mkate ni la kambini. Raia hawalijui.

— Mbona hakusema kwa sauti? akauliza Kavumbi.

— Alisema kwa Kiingereza, Winchi. Chako wewe ni cha kusoma namba za makontena.

Dzoro ndiye aliyecheka mwanzo. Kisha Jamaldin. Kavumbi akajikuna shingo.

— Niwie radhi, Mosko.

Mosko alikuwa bado atafuna. Tangu siku ile hakuniita tena muongo, na kabla yake alikuwa akiniita hivyo mara tatu kwa siku.

Meli ilivutwa ikapelekwa kwengine, na afisa hatukumwona tena. Mosko tulimzika mwaka jana, kwao Machakos. Mwezi uliopita Ketty alikuja barazani, akakaa pale pale alipokuwa akikaa babake.

— Mzee Shahidi, najua aliishia Khartoum. Aliniambia mwenyewe hospitalini. Alitaka kisa kiandikwe chote kama kilivyokuwa, na Khartoum yenyewe. Ila kulikuwa na jambo moja alikuwa akiniuliza kila siku, kama kwamba mimi nilikuwapo. Yule afisa alisema kweli kwamba Kirusi chake ni kizuri? Alikuwa akisema labda alibahatisha, labda yale ya redioni yalimwingia bila yeye kujua.

Nikajitia kukohoa. Nikamwita Dzoro. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Basi nimekiandika, Ketty mwanangu. Ndege tatu zilikuwapo, na kifaru, na vijiko vitatu vya sukari, na mkate, na ile saluti, ambayo hakuna aliyemwamuru ampigie babako. Yote niliyaona. Na kuniinamia aliniinamia kweli, na alisema kwa Kiingereza. Lakini alikuwa aniuliza choo kiko wapi.